Dopamini: Mjumbe wa Ubongo Katika Mwendo, Hamu na Maradhi

Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Katika jeshi hilo kubwa, seli zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini ni kiasi cha nusu milioni tu. Yaani kwa kila seli moja ya dopamini zipo nyingine zaidi ya laki moja zisizoitengeneza. Hata hivyo, kundi hili dogo likipungua, mtu hushindwa kuinuka kitini, kufunga vifungo vya shati, au kuandika jina lake kwa herufi zinazosomeka. Dawa ikiizuia kazi ya dopamini, sauti zinazomsumbua mgonjwa wa akili zaweza kutulia, lakini viungo vyake navyo vyaweza kukakamaa. Majani ya miraa yakitafunwa, kemikali hiyo hiyo huongezeka mahali pengine ndani ya ubongo, na mtafunaji huhisi kuchangamka. Ni nadra kukuta katika biolojia kitu kidogo namna hii chenye matokeo mengi na yanayotofautiana kiasi hiki.

Magazetini na katika mazungumzo ya watu, dopamini imezoeleka kuitwa "kemikali ya furaha". Jina hilo lavutia, lakini linapotosha, na mwanafunzi anayelishika hataweza kuelewa hata moja kati ya mambo yaliyotajwa hapo juu. Dopamini ni mjumbe. Kengele ya shule ni ile ile moja, lakini ikilia alfajiri maana yake ni kuamka, ikilia adhuhuri maana yake ni chakula, na ikilia usiku wa manane huenda bweni linaungua. Vivyo hivyo, maana ya dopamini haimo ndani ya dopamini yenyewe. Hutegemea ni njia gani ya ubongo imepitia, imepokewa na seli za namna gani, na kwa wakati gani.

Jinsi ujumbe unavyopita

Mwanafunzi wa biolojia atakumbuka kwamba seli mbili za neva hazigusani. Kati ya ncha ya seli moja na mwili wa seli ya pili kuna mwanya mwembamba uitwao sinapsi, ambao upana wake ni kama sehemu ishirini za milioni za milimita moja. Msukumo wa umeme ukifika kwenye ncha, vifuko vidogo hupasuka na kumwaga kemikali katika mwanya huo. Kemikali huvuka na kunasa kwenye vipokezi vya seli ya pili, mfano wa ufunguo unavyoingia katika kufuli. Kazi ikiisha, pampu maalumu huirudisha dopamini ndani ya seli iliyoitoa, ili itumike tena. Pampu hii ikumbukwe, kwa maana tutaikuta mbele katika habari za kokeini na za sumu moja ya ajabu.

Vipokezi vya dopamini vinavyojulikana ni vya aina tano, navyo hugawanyika katika koo mbili. Ukoo mmoja huichangamsha seli inayopokea, na wa pili huituliza. Kwa hiyo, dopamini ile ile yaweza kuwa amri ya "endelea" kwa seli moja na ya "nyamaza" kwa jirani yake.

Kemikali yenyewe si ya kutisha. Fomula yake ni C8H11NO2. Mwili huitengeneza kutokana na tairosini, ambayo ni asidi amino ipatikanayo katika protini za vyakula vya kila siku kama maharage, samaki, mayai na maziwa. Kimeng'enya kimoja huigeuza tairosini kuwa dutu iitwayo levodopa. Kimeng'enya cha pili huiondolea levodopa kaboni dioksaidi, na hapo hupatikana dopamini. Katika seli nyingine safari huendelea mpaka noradrenalini na adrenalini. Ni kwa sababu hii kwamba tangu dopamini ilipotengenezwa maabarani mara ya kwanza, mjini London mwaka 1910, wataalamu waliiona kwa zaidi ya miaka arobaini kuwa ni kituo tu cha njiani kuelekea adrenalini, kituo ambacho hakuna abiria anayeshuka.

Mwalimu anayetaka kulionyesha darasa lake jambo hili hahitaji maabara. Ndizi ina dopamini, tena ganda lake lina nyingi kuliko nyama yake. Ndizi ikikatwa au ikipondeka, kimeng'enya kilichomo hukutana na dopamini penye hewa, oksijeni huiunguza dopamini, na rangi ya kahawia hatimaye nyeusi hutokea. Sehemu kubwa ya weusi wa ndizi iliyokaa ni dopamini iliyogeuka hivyo. Vipande vitatu vya ndizi mbivu vyatosha: kimoja kiachwe wazi, cha pili kipakwe maji ya ndimu, na cha tatu kichovywe kwanza katika maji yanayochemka. Cha kwanza kitakuwa cheusi mapema. Vile vingine viwili vitachelewa, kwa kuwa asidi ya ndimu hukizuia kimeng'enya na joto hukiharibu.

Jaribio hili lina manufaa mawili. La kwanza, ndani ya shina la ubongo wa binadamu lipo eneo jeusi, lionekanalo kwa macho matupu ubongo ukikatwa, ambalo wanaanatomia huliita substansia nigra. Weusi wake ni rangi inayotokana na dopamini iliyounganika na oksijeni, kwa kemia ya ukoo mmoja na ile ya ganda la ndizi. La pili ni swali ambalo mwanafunzi mwerevu hawezi kukosa kuuliza: je, mtu akila ndizi nyingi, ubongo wake utapata dopamini zaidi? Jibu ni hapana. Kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo zimebana kiasi cha kuzuia kemikali nyingi zisipite, na dopamini ni mojawapo ya zinazozuiwa. Levodopa, kinyume chake, hupitishwa. Tofauti hiyo ndogo, ya kundi moja la kaboni, imewarudisha watu wengi kwenye miguu yao, kama itakavyoelezwa.

Sungura wa Lund

Katika miaka ya 1950 hospitali nyingi zilianza kutumia dawa iitwayo reserpini, iliyotolewa katika mizizi ya mti wa Kihindi wa jenasi ya Rauvolfia. Jenasi hiyo inayo jamaa katika Afrika pia; msesewe wa Kilimanjaro, ambao gome lake hutiwa katika mbege, ni mmoja wao. Reserpini ilishusha shinikizo la damu na kuwatuliza wagonjwa wa akili, lakini ilionekana kwamba baadhi yao walianza kutetemeka na kuwa wazito wa mwendo.

Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini. Sungura walilala kimya, masikio yameanguka, wasijali lolote. Kisha walidungwa dopa. Baada ya dakika chache masikio yalisimama na sungura wakaanza kutembea kama kwamba hapakutokea kitu. Picha za sungura hao zimechapishwa katika vitabu vingi. Lililo kubwa zaidi, hata hivyo, ni hesabu iliyofuata picha. Carlsson alipopima, aliona kwamba noradrenalini ya ubongo haikuwa imerudi, ingawa mnyama amekwisha kuamka. Basi ni nini kilichomwamsha? Mwaka 1958 kundi lake lilipata njia ya kupima dopamini yenyewe, na mwaka uliofuata ilidhihirika kuwa sehemu kubwa ya dopamini ya ubongo imejikusanya katika eneo liitwalo striatamu, ambalo lilikwisha kujulikana kuhusika na mwendo. Kituo kile cha njiani kumbe kilikuwa mji mkuu.

Hoja hii haikupokewa kwa shangwe. Katika mkutano uliofanyika London mwaka 1960, wakubwa wa famasia wa zama zile waliikataa. Wengine hawakuamini hata kwamba ubongo hutumia kemikali kupelekea ujumbe. Lakini katika mji wa Vienna alikuwako kijana aliyeisoma kazi ya Carlsson na kuona pa kuipeleka. Oleh Hornykiewicz, pamoja na Herbert Ehringer, walikusanya bongo za marehemu kadhaa, sita kati yao wakiwa wamefariki na hali ya kutetemeka na kukakamaa ambayo daktari wa Kiingereza James Parkinson aliieleza mwaka 1817. Walichukua vipande vya striatamu na kuvitia kemikali inayogeuka waridi penye dopamini. Vipande vya wasiokuwa na ugonjwa viligeuka waridi. Vya wagonjwa wale sita havikubadilika ipasavyo. Upungufu wa dopamini katika ubongo wa mwanadamu ulionekana kwa macho, ndani ya chupa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1960, yalikuwa mara ya kwanza maradhi ya ubongo ya namna hii kuhusishwa na upungufu wa kemikali moja katika mahali pamoja.

Yaliyofuata yalitokea upesi. Mwaka 1961 Hornykiewicz alimshawishi daktari Walther Birkmayer awadunge wagonjwa levodopa kwenye mshipa. Watu waliokuwa hawawezi kuketi walikaa. Waliokuwa wakisimama kwa shida walitembea. Nafuu ilidumu saa chache tu, kisha wakarudi walivyokuwa. Madaktari wengine walijaribu kiasi kidogo, wakashindwa, wakakata tamaa. Ilibaki kwa George Cotzias, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi katika maabara ya Brookhaven huko New York, kuonyesha mwaka 1967 kwamba dopa ikinywewa, ikianzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole mpaka kiasi kikubwa, nafuu huendelea. Cotzias alikuwa akichunguza wachimba madini ya manganisi nchini Chile, ambao vumbi la madini hayo huwaletea ugonjwa unaofanana na wa Parkinson, na alichokusudia ni kuurudisha weusi wa substansia nigra. Alitumia dawa iliyo sahihi kwa sababu isiyokuwa sahihi, jambo ambalo historia ya tiba inalo kwa wingi kuliko vitabu vya kiada vinavyokiri.

Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili. Hornykiewicz hakuwamo, na wanasayansi zaidi ya 200 walitia saini barua ya malalamiko. Wasomaji wanaweza kuamua wenyewe. Ni vigumu kuisoma kazi ya Vienna bila kuona kwamba walikuwa na haki.

Ni nini hasa kinachotokea katika maradhi ya Parkinson? Seli za substansia nigra hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Dalili hazionekani mpaka dopamini ya striatamu imepungua kwa asilimia 70 hadi 80, kwa maana seli zilizobaki hufanya kazi ya zile zilizokufa mpaka zinapolemewa. Kisha mkono mmoja huanza kutetemeka ukiwa umepumzika, na kutulia unaposhika kitu. Hatua hufupika. Mikono haipungi mtu atembeapo, uso haukunjuki kwa kicheko wala hasira, sauti hufifia, na mwandiko huwa mdogo kadiri mstari unavyoendelea. Mwalimu mzee aandikaye ubaoni aweza kuiona dalili hiyo ya mwisho kabla ya nyingine zote. Kwa wengi, kiini cha kufa kwa seli hakijulikani, ingawa imeonekana kwamba protini moja, alfa-sinukleini, hujikunja vibaya na kurundikana ndani yake.

Tukio moja la kusikitisha lilifungua mlango kidogo. Mwaka 1982, katika jimbo la California nchini Marekani, vijana kadhaa waliokuwa wakijidunga heroini bandia walifika hospitali wakiwa wameganda kama sanamu. Walikuwa na dalili zote za mtu mwenye Parkinson ya miaka mingi, zilizowapata kwa siku chache. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba dawa ile ilipikwa vibaya, ikawa na kemikali iitwayo MPTP. Kemikali hiyo huingia ubongoni, hugeuzwa kuwa sumu, na sumu hiyo hubebwa ndani ya seli za dopamini na ile ile pampu ya kurudishia dopamini iliyotajwa mwanzoni. Seli nyingine hazina pampu hiyo, kwa hiyo haziguswi. Vijana hao walipopewa levodopa, walipata kusogea tena.

Hamu, wala si utamu

Njia ya kutoka substansia nigra kwenda striatamu ni moja tu. Pembeni yake, seli nyingine za dopamini hupeleka nyuzi zake katika maeneo ya ndani yanayohusika na hamu na kujifunza, na nyingine katika gamba la mbele la ubongo penye kupanga na kuamua. Njia fupi ya nne hushuka kwenye tezi ya pituitari na kuizuia isitoe homoni ya maziwa. Ndiyo maana baadhi ya dawa za akili huweza kumtoa maziwa mwanamke asiyenyonyesha.

Jina la "kemikali ya furaha" lilitokana na njia ya pili. Mwaka 1954, mjini Montreal, James Olds na Peter Milner walitia waya mwembamba katika ubongo wa panya, na panya akaweza kujipa umeme kidogo kwa kubonyeza wenzo. Panya walibonyeza maelfu ya mara, wakaacha hata chakula. Baadaye ilipojulikana kwamba dopamini inahusika, ilionekana ni dhahiri kuwa ndiyo raha yenyewe.

Majaribio mawili yaliivunja imani hiyo. Katika la kwanza, watafiti wa Seattle walipata, mwaka 1995, panya wadogo wasioweza kabisa kutengeneza dopamini. Panya hao hawakula wala kunywa, wakafa njaa mbele ya chakula wasipopewa levodopa. Mtu aweza kusema: hawakula kwa sababu chakula hakikuwa na ladha tena. Lakini imeonekana kwamba panya walioondolewa dopamini, wakitiwa sukari mdomoni, hulamba midomo kama kawaida. Utamu wanauhisi. Kilichopotea ni ile nguvu ya kuinuka na kuufuata.

La pili ni la Wolfram Schultz, aliyesikiliza seli za dopamini za nyani, moja moja, huko Fribourg nchini Uswisi. Nyani alipopewa tone la maji ya matunda bila kutazamia, seli zilifyatua kwa nguvu. Kisha taa ikawekwa, ikawa inawaka kidogo kabla ya kila tone. Nyani alipokwisha kujifunza, seli zilifyatua taa ilipowaka, na tone lilipofika zilikaa kimya, ingawa utamu ulikuwa ule ule. Na siku taa ilipowaka na tone lisije, seli zilinyamaza chini ya kiwango chao cha kawaida, sawasawa na wakati ambao tone lilipaswa kufika. Seli hizi, basi, hupima tofauti kati ya kilichotazamiwa na kilichopatikana. Zaidi ya matarajio, hupanda. Sawa na matarajio, hutulia. Pungufu ya matarajio, hushuka. Kwa kupanda na kushuka huko mnyama hujifunza nini cha kufuata na nini cha kuacha. Jambo hili lilipoandikwa kwa hesabu mwaka 1997, lilifanana mno na kanuni ambazo wataalamu wa kompyuta walikuwa wamekwisha kuzibuni ili kuifundisha mashine.

Hapo ndipo ulevi na kamari vinapoeleweka. Kokeini huiziba ile pampu, na dopamini ikabaki katika mwanya muda mrefu. Kathinoni ya miraa na amfetamini huilazimisha seli kumwaga dopamini zaidi. Kathinoni imo katika majani mabichi na hugeuka upesi kuwa dutu dhaifu zaidi jani likikauka. Ndiyo sababu miraa ya Meru hufungwa katika majani ya migomba na kukimbizwa sokoni kwa haraka ile inayojulikana. Kwa seli za dopamini, matokeo ya dawa hizi ni kama zawadi iliyozidi matarajio, tena na tena. Kamari haihitaji hata kemikali: ushindi usiotabirika ndio hasa kitu ambacho seli hizi huupigia mbio. Uthibitisho ulitoka upande usiotazamiwa. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliopewa dawa kama pramipeksoli, zinazoiga kazi ya dopamini kwenye vipokezi, walianza kucheza kamari mpaka wakapoteza mali, watu ambao maishani mwao hawakuwa wacheza kamari. Dawa ilipopunguzwa, wengi wao waliacha.

Upande wa pili wa mizani

Kloropromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, kabla ya mtu yeyote kujua inafanya nini. Mwaka 1963 Carlsson na Margit Lindqvist walitoa ushahidi kwamba dawa za aina hii huziba vipokezi vya dopamini, na katika miaka ya 1970 ilionyeshwa kwamba kadiri dawa inavyoshika vizuri kipokezi cha aina ya pili, ndivyo kiasi kidogo chake kinavyotosha kutuliza skizofrenia. Hoja kwamba skizofrenia ni "dopamini kuzidi" ni rahisi kupita kiasi, kwani gamba la mbele la ubongo huenda lina upungufu wakati maeneo ya ndani yana ziada, na kemikali nyingine nazo zinahusika. Lakini dawa husaidia.

Tatizo ni kwamba dawa inayonywewa haichagui njia. Huziba vipokezi vya hamu na vya mwendo pamoja. Mgonjwa aliyetulia akili aweza kurudi nyumbani akitembea kwa hatua fupi, uso mkavu, mate yakimtoka, na jirani wakasema hospitali imemharibu au kwamba aliyemroga amezidisha. Hiyo ni Parkinson ya dawa. Daktari akiarifiwa aweza kupunguza kiasi au kubadili dawa, na aghalabu hali hiyo hutoweka. Asipoarifiwa, mgonjwa huacha dawa mwenyewe, na maradhi ya akili humrudia.

Hata dawa ya kawaida ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, huziba vipokezi hivyo. Mara chache, hasa kwa watoto na vijana, baada ya saa chache tu shingo hupinda, taya hukaza na macho hukwama yakitazama juu. Wazazi huona ni pepo. Hata wahudumu wa afya wamewahi kuidhania kuwa pepopunda. Sindano ya dawa inayofaa huiondoa hali hiyo kwa dakika chache, mradi mtu akumbuke kutaja kwamba mgonjwa alipewa dawa ya kutapika.

Ama Parkinson yenyewe, ipo Afrika Mashariki, ingawa wengi hudhani ni ugonjwa wa Wazungu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita katika jamii ya watu wapatao 161,000, na katika taarifa yao ya mwaka 2008 walieleza kuwa walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu ya hao walikuwa hawajawahi kutambuliwa na daktari yeyote. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watu waliyajua tu kama maradhi ya kutetemeka. Chanzo hawakukijua, na wala hawakujua kwamba ipo dawa. Na mgonjwa asiyejua kwamba ipo dawa huenda akamaliza miaka yake kitandani, akigeuzwa na wanawe, wakati kidonge kingemwezesha kwenda shambani.

Kidonge hicho ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Kabidopa hukizuia kimeng'enya cha mwilini kisiigeuze levodopa kuwa dopamini kabla haijafika ubongoni, na kwa kuwa yenyewe haivuki ukuta wa mishipa ya ubongo, huko ndani kimeng'enya huachwa kifanye kazi yake. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwamo katika orodha si kuwamo katika kabati la zahanati. Aidha, haizuii seli kufa. Baada ya miaka kadhaa nafuu huja na kuondoka ghafla, na miili ya wengine huchezacheza bila hiari.

Levodopa haitoki viwandani tu. Upupu, ule mmea utambaao ambao kila mtoto wa shamba anauogopa, una levodopa katika mbegu zake kwa kiasi cha asilimia 4 hadi 6 ya uzito. Kinachowasha ni malaika ya ganda, yenye protini ya namna yake. Mbegu iliyo ndani haiwashi. Wahindi wamezitumia mbegu hizo katika tiba tangu kale, na mwaka 1937 wanakemia wa huko huko walitoa levodopa ndani yake. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika nchini Bolivia: wagonjwa 18 walipewa kwa zamu unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, dawa ya hospitali, na unga usiokuwa na kitu, bila wao wala waliowapima kujua wamepewa kipi. Unga wa upupu uliwasaidia kwa kiwango kisichopungua kile cha dawa ya hospitali, kwa muda wa saa kadhaa baada ya kuunywa. Ndipo watafiti wale wale wakajaribu kuwapa wagonjwa unga huo kila siku kwa wiki 16. Bila kabidopa ya kuilinda, levodopa nyingi hugeuka dopamini nje ya ubongo na kuchafua tumbo. Tena kiasi kilichomo hutofautiana mbegu kwa mbegu. Nusu ya wagonjwa waliacha kabla ya wiki hizo kwisha, wengine kwa kichefuchefu, wengine kwa sababu mwendo wao ulizidi kuwa mbaya.